Kaseti, kamera na lita nne za dawa: vipimo vya kansa ya utumbo mpana kwa mwenye historia ya ukoo, Uganda

Ukiingia maabara kubwa ya Kampala ukasema unataka kupimwa kansa ya utumbo mpana, huenda ukatoka na kimojawapo kati ya vitu vitatu: jibu la kaseti ndogo ya plastiki inayosaka damu kwenye kinyesi, karatasi ya majibu ya damu yenye herufi CEA (protini ambayo baadhi ya kansa huipandisha kwenye damu), au miadi ya kamera. Bei zake zimepishana mbali, na wengi huchagua kwa bei. Kwa mtu ambaye ukoo wake haujaguswa, hasara yake ni ndogo. Kwa mtu ambaye mama, baba, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake alipatwa na kansa hii, kuchagua kwa bei ni kununua majibu ya mtu mwingine.

Tuseme mapema tulipofikia. Kamera ya utumbo mzima, yaani kolonoskopi, ikifanywa utumbo ukiwa safi na ikafika mwisho wa njia, ndiyo huduma inayostahili pesa ya mtu aliye kwenye hatari kubwa. Kaseti ni kifaa kizuri ambacho mara nyingi huuziwa asiyekihitaji. CEA haifai kabisa kumsaka mgonjwa ambaye hana dalili. Na dawa ya kusafisha tumbo, ambayo watu huiona kero ya pembeni tu, ndiyo inayoamua kama kamera itaona kitu au itapiga picha za uchafu. Ndiyo maana hapa imepewa nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe.

Haya yote ni kwa asiye na dalili. Anayetoka damu chooni, ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, anayekonda bila sababu au aliyeambiwa damu imepungua bila maelezo, huyo ni mgonjwa wa kuchunguzwa sasa hivi, bila kujali umri wake wala ukoo wake.

Nani aanze, na aanze lini

Uganda haina mpango wa taifa wa kuwaita watu kupima kansa hii wanapofika umri fulani. Mtu hujipeleka mwenyewe, na akifika huulizwa kwa mkato kama kuna kansa kwenye familia. Kujibu ndiyo hakutoshi. Miongozo ambayo madaktari wa utumbo huifuata inataka mambo matatu: ni nani hasa, ni wangapi, na kila mmoja alikuwa na umri gani ugonjwa ulipogunduliwa.

Daraja la kwanza ni mzazi aliyekuzaa, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na mtoto wako wa kumzaa. Ndugu wa baba mmoja kwa mama mwingine yuko daraja la pili, pamoja na babu, bibi, shangazi na mjomba. Katika nyumba ambamo baba mdogo huitwa baba na binamu huitwa kaka, mweleze daktari nani kamzaa nani.

Ikiwa mmoja wa daraja la kwanza aligunduliwa kabla ya kutimiza miaka 60, au ikiwa wawili na zaidi waligunduliwa kwa umri wowote, unaanza kolonoskopi ukiwa na miaka 40, au miaka 10 chini ya umri wa yule aliyegunduliwa akiwa mdogo kuliko wote, lolote litakalotangulia. Kisha unarudia kila miaka 5. Mama aligunduliwa akiwa na miaka 44: mwanawe anaanza akiwa na 34. Baba aligunduliwa akiwa na 57: mwanawe anaanza akiwa na 40, maana 47 ni kuchelewa. Dada aligunduliwa akiwa na 38: wadogo na wakubwa zake wanaanza wakiwa na 28, na aliyekwisha kuupita umri huo anaanza sasa. Ikiwa ni mmoja tu, naye alikuwa na miaka 60 au zaidi, bado unaanza ukiwa na 40, lakini unaruhusiwa vipimo vya watu wa kawaida: kinyesi kila mwaka, au kolonoskopi kila miaka 10. Huyu wa mwisho ndiye mwenye historia ya ukoo ambaye kaseti inamfaa.

Ugumu wa kwetu ni kwamba mzee aliyefia Yumbe au Bundibugyo hakuacha ripoti yoyote. Ukoo unakumbuka "tumbo", "bawasili", "vidonda", au kwamba alirogwa. Basi uliza kwa njia nyingine. Alikuwa akitoka damu chooni? Choo kilimziba, tumbo likavimba? Alipasuliwa? Alirudi nyumbani na mfuko wa kinyesi ubavuni? Alipofariki, mtoto wake wa mwisho alikuwa darasa la ngapi? Swali hili la mwisho hutoa umri vizuri kuliko tarehe za kuzaliwa za kukisia. Uliza pia kuhusu kansa ya mji wa mimba, kwa sababu kasoro za kurithi za aina ya Lynch huleta zote mbili katika ukoo mmoja. Lakini itenge na kansa ya mlango wa kizazi, ambayo husababishwa na virusi vya HPV na haiingii katika hesabu hii.

Wanafamilia watatu wenye kansa za namna hiyo, katika vizazi viwili, mmoja wao akiwa chini ya miaka 50: ukipata picha hiyo, acha hesabu ya miaka 40 na umwone mtaalamu. Lynch hutokana na kasoro katika jeni za MLH1, MSH2, MSH6, PMS2 au EPCAM. Kwa wenye kasoro ya MLH1 au MSH2, kolonoskopi huanza kati ya miaka 20 na 25 na hurudiwa kila mwaka mmoja hadi miwili. Kuna pia FAP, kasoro ya jeni ya APC inayojaza utumbo mamia ya vinyama, yaani vivimbe vya ukuta wa utumbo ambavyo baadhi yake hugeuka kansa. Hapo watoto huanza kuangaliwa wakiwa na miaka 10 hadi 12.

Bado utawasikia watu, hata wengine waliovaa koti jeupe, wakisema hii ni kansa ya Wazungu. Dhana hiyo ina mizizi hapahapa Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika nchini mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba kansa ya utumbo mpana ilikuwa adimu vijijini Afrika, akaihusisha na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alikuwa akizungumzia jamii nzima, ya wakati ule. Mtu aliyerithi kasoro ya MSH2 hakuzungumziwa pale, na kalo (ugali wa ulezi) na dodo (mchicha) havimwondolei alichozaliwa nacho.

Kaseti

Nyingi zinazouzwa sasa ni za kundi la FIT, zinazotumia kingamwili kunasa himoglobini ya binadamu, yaani protini nyekundu ya damu. Zimeipita mbali kadi ya zamani ya gwayaki, ambayo hudanganywa na nyama nyekundu upande mmoja na vitamini C upande wa pili, na hudai masharti ya chakula pamoja na sampuli za choo cha siku tatu. Kwa FIT unakula kama kawaida. Ukipewa masharti ya nyama, jua ni kadi ya zamani.

Ndani ya pakiti kuna kaseti, kifuko cha kunyonya unyevu, kichupa cha maji maalumu chenye kijiti kwenye kifuniko, na karatasi ya maelekezo. Kijiti hicho huchomekwa kwenye kinyesi sehemu tano au sita tofauti, si moja tu, kwa kuwa damu haijasambaa sawasawa. Kisha hurudishwa kwenye kichupa, hutikiswa, ncha huvunjwa, na matone mawili au matatu hudondoshwa kwenye kaseti kama karatasi inavyosema. Aina nyingi husomwa dakika ya 5 na hazisomwi tena baada ya dakika 10. Mstari wa C peke yake ni hasi. C na T ni chanya, hata kama T imefifia kiasi cha kubishaniwa. C isipotokea, kaseti ni mbovu, chukua nyingine.

Makosa yake ni ya kawaida sana. Watu hudhani kinyesi kingi kinatoa jibu bora, kumbe huziba utepe na maji hayapandi. Wengine huokota sampuli iliyokwisha kugusa mkojo au maji ya choo, au huitega kwenye ndoo iliyosafishwa kwa Jik na haikusuuzwa. Tandaza kaveera (mfuko wa plastiki) mpya kwenye beseni, au karatasi safi juu ya shimo la choo, uchote hapo. Mwanamke asubiri hedhi iishe kabisa. Tatizo tunaloliona zito kuliko yote ni joto. Himoglobini huvunjika kwenye joto, na sampuli iliyoshinda kwenye mfuko wa boda au dirishani huweza kusoma hasi huku damu ilikuwepo. Kaseti zenyewe kwa kawaida zinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30. Duka la dawa lenye paa la mabati, Gulu mwezi wa Februari, linapita hapo kabla ya saa sita mchana.

Kuna na uongo wa upande wa pili. Mtu anayeishi kando ya Ziwa Albert au Ziwa Victoria anaweza kuwa na kichocho cha utumbo, na kichocho kinatoa damu kwenye kinyesi. Minyoo ya safura nayo hivyo hivyo, na bawasili pia. Kinachofuata mara nyingi ni hiki: kaseti inasoma chanya, mteja anapewa prazikwanteli, kaseti ya pili inasoma hasi, mambo yanaisha. Kichocho kitibiwe, sawa. Lakini kwa mwenye historia ya ukoo, chanya moja inampeleka kwenye kamera, na hasi ya pili haiifuti. Kinyama hutoa damu leo, kesho kikanyamaza.

Hata ikifanywa bila kosa, kaseti ina mpaka wake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 uliona kuwa FIT ya mara moja hunasa kansa 79 katika kila 100. Kwa vinyama vikubwa ambavyo havijawa kansa, hunasa chini ya nusu. Kwa mwenye historia ya ukoo, hivyo vinyama ndivyo hasa vinavyotafutwa, ili vikatwe kabla havijageuka. Ndiyo sababu tunasema kaseti inamfaa yule ambaye jamaa yake mmoja aliugua uzeeni, kila mwaka bila kuruka. Wengine isiwacheleweshe.

Ndugu walioko Marekani wakati mwingine huahidi kutuma boksi la Cologuard, kipimo cha kinyesi cha kuchukulia sampuli nyumbani, au husimulia kipimo cha damu cha Shield kilichoidhinishwa huko mwaka 2024. Vyote viwili vimeidhinishwa kwa watu wa hatari ya kawaida. Tena boksi la Cologuard linatakiwa kurudi kwenye maabara ya kampuni ndani ya siku chache baada ya kuchukua sampuli, jambo ambalo ukiwa Kampala ni ndoto.

CEA haihitaji maneno mengi. Imetengenezewa kumfuatilia mtu aliyekwisha kutibiwa. Kansa changa nyingi haziipandishi, na kuvuta sigara au ugonjwa wa ini kunaweza kuipandisha. Ikiwa imo ndani ya "kifurushi cha kansa" cha maabara, usikilipie kwa ajili yake.

Lita nne

Kolonoskopi nyingi zinazoshindwa hushindwa jikoni, siku mbili kabla. Vinyama vidogo na bapa hujificha chini ya utando wa kinyesi laini, na hakuna daktari hodari wa kuona kupitia maharagwe.

Kuanzia siku mbili au tatu kabla, achana na mbegu, maganda na nyuzi: maharagwe, njugu na mchuzi wake, simsim, mahindi, kalo, dodo, nakati, mapera, pasheni, nyanya zenye mbegu. Kula wali mweupe, posho ya unga mweupe, mkate mweupe, mayai, samaki asiye na miba midogo (mukene aachwe), kuku. Siku moja kabla ni vya majimaji vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa, juisi ya tufaha, glukosi, soda isiyo na rangi kali. Maziwa, uji na bushera havimo. Vinywaji vyekundu na vya zambarau viachwe, kwa kuwa rangi yake ukutani hufanana na damu. Vidonge vya madini ya chuma visimamishwe siku 7 kabla. Hukigeuza kinyesi kuwa lami inayoganda ukutani. Anayetumia warfarini, klopidogreli, insulini au vidonge vya sukari apange na daktari wake mapema, asiamue mwenyewe na asisubiri kuulizwa.

Dawa yenyewe, ile tunayoipendekeza, ni ya makrogoli, unga wa kuchanganywa na maji, kwa kawaida lita 4. Kuna zenye ujazo wa lita 2 zilizoongezwa vitamini C. Ni nyepesi kuinywa na zinafanya kazi vizuri, ukiweza kuzipata. Kosa kubwa la maelekezo yanayotolewa hapa na pale ni kumnywesha mtu yote jioni. Usiku kucha utumbo mdogo huendelea kushusha majimaji ya nyongo, na asubuhi upande wa kulia umepakwa tena utando. Kwa mwenye hatari ya Lynch huo ndio upande usiotakiwa kukosewa. Gawanya. Kwa miadi ya saa nne asubuhi, kunywa lita 2 kuanzia saa kumi na mbili jioni, glasi ya mililita 250 kila dakika 15, umalize saa mbili usiku. Amka saa kumi na moja alfajiri, unywe lita 2 nyingine, umalize saa moja asubuhi. Kuanzia hapo mdomo ufungwe. Hata maji hayatakiwi ndani ya saa mbili za mwisho kabla ya dawa ya usingizi.

Tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yakiwa baridi ladha hupungua. Limau lililochujwa linaruhusiwa. Sukari usiongeze. Ukitapika, pumzika nusu saa, uendelee polepole. Paka Vaseline mapema, kabla ngozi haijachubuka. Umefaulu unapotoa majimaji ya manjano unayoweza kuona chini yake, kama mkojo. Ikiwa saa moja asubuhi bado ni kahawia yenye chembe, piga simu kabla ya kutoka nyumbani: kuongezewa dawa na kusogezwa hadi alasiri ni bora kuliko kulipia uchunguzi nusu. Mwenye kufunga choo kwa kawaida aseme siku ya kuweka miadi, aongezewe vidonge vya bisakodili.

Dawa mbili tunazipa alama ya chini. Manitoli ni rahisi na husafisha, lakini bakteria huichachusha na kuzalisha gesi inayowaka. Imewahi kulipuka ndani ya utumbo daktari alipotumia umeme kukata kinyama. Ukipewa hiyo, uliza kama daktari anajua na kama atakata kwa umeme. Fosfeti ya sodiamu huumiza figo, hasa za wazee, wenye presha na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo.

Anayesafiri kutoka mbali asijidanganye. Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na dawa hii hainywewi ndani ya basi. Fika siku moja kabla, ulale mahali penye choo chako peke yako, si cha kushirikiana na wapangaji sita. Waislamu waweke miadi nje ya Ramadhani. Kunywa alfajiri na kukaa bila chakula mchana kunaonekana kukubaliana na saumu, lakini dawa hii hukausha mwili, na lazima uendelee kunywa baada ya kipimo.

Chumba cha kamera

Mashine nyingi ziko Kampala, katika hospitali za serikali, za makanisa na za binafsi. Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 pale Mulago, ndipo mahali pa kwenda ikiwa jibu litakuwa baya. Kwa kipimo chenyewe, chagua kitengo kwa majibu yake kwa maswali, si kwa marumaru za mapokezi.

Uliza kama kamera ni ndefu. Ile fupi, ya sentimita 60 hivi, huona upande wa kushoto tu. Ni rahisi, hufanywa kwa enema bila dawa nyingi, na kwa sababu hiyo hupendekezwa kwa wasio na pesa. Kwa mwenye historia ya ukoo ni nusu ya kazi. Uliza kama daktari hukata vinyama papo hapo kwa kitanzi, au huchukua kipande tu na kukuita tena. Wa pili atakulipisha mara mbili na kukunywesha lita nne mara mbili. Uliza mashine huoshwaje: jibu unalotaka kulisikia ni kwamba mifereji yake ya ndani husuguliwa kwa brashi kwanza, ndipo huloweshwa dawa ya kuua vijidudu, baada ya kila mgonjwa. Uliza umeme ukikatika katikati inakuwaje. Na uliza bei ina nini ndani. Mara nyingi bei ya kwanza ni ya kamera pekee. Dawa ya usingizi, dawa ya kusafisha, kukata kinyama na patholojia (kusoma kinyama maabara kwa darubini) huja moja moja baadaye, na kila chupa ya sampuli ina bili yake.

Fomu ya ridhaa huwa ya Kiingereza. Usiitie sahihi mpaka uelezwe kwa lugha unayoielewa vizuri hatari zake: kutoboka utumbo ni nadra, mara chache katika kila uchunguzi 10,000, na kutokwa na damu nyingi hutokea mara nyingi kidogo kuliko hapo, hasa kinyama kikubwa kikikatwa. Ukishachomwa sindano ya usingizi, usiendeshe gari wala kupanda boda hadi kesho yake. Uje na mtu mzima wa kukurudisha, si mtoto wa sekondari.

Ripoti

Hapa ndipo huduma nzuri inajulikana, na hapa ndipo tunakuwa wakali. Ripoti ya mstari mmoja, "kolonoskopi ya kawaida", haina thamani miaka 5 baadaye.

Ripoti inayofaa inasema kamera ilifika sikamu, mwanzo wa utumbo mpana, na inaonyesha picha mbili za ushahidi: tundu la kidole tumbo na vali inayotoka utumbo mdogo. Kitengo kizuri hufika hapo katika uchunguzi 90 kati ya 100 au zaidi. Inataja usafi kwa alama, mara nyingi kipimo cha Boston: sehemu tatu za utumbo, kila moja 0 hadi 3, unataka angalau 2 kila sehemu. Ukiona 1 popote, uchunguzi haukutosha, na kurudia ni ndani ya mwaka, si baada ya miaka 5. Inataja muda wa kurudisha kamera, ambao haupaswi kupungua dakika 6 bila kuhesabu muda wa kukata. Kamera huangalia inaporudi, si inapoingia. Kila kinyama kiandikwe mahali kilipo, milimita zake, umbo lake, kilivyotolewa na kama kilitoka chote. Kila sehemu iwe na chupa yake ya fomalini yenye jina. Vinyama vitatu vya sehemu tatu vikitupwa ndani ya chupa moja, na kimoja kikaonekana kibaya, daktari wa upasuaji hatajua akate wapi.

Majibu ya patholojia ndiyo yanayopanga tarehe ya kurudi. Utumbo safi bila kinyama: miaka 5, kwa yule wa kundi la hatari kubwa. Vinyama 5 hadi 10 vya aina ya adenoma (ile inayoweza kugeuka kansa), au kimoja cha milimita 10 na zaidi, au chenye mabadiliko ya daraja la juu: miaka 3. Zaidi ya 10: mwaka mmoja, na swali la jeni lifunguliwe. Kuambiwa "rudi ukisikia maumivu" si mpango.

Gesi na maumivu mepesi siku hiyo ni kawaida. Maumivu makali yanayoongezeka, tumbo gumu, homa, au damu zaidi ya vijiko vichache: rudi hospitali usiku huohuo. Aliyekatwa kinyama anaweza kutokwa na damu hata wiki mbili baadaye, kwa hiyo anayerudi Moroto au Kisoro ajue mapema hospitali ya karibu yenye damu ya kuongezewa na daktari wa upasuaji, na asipande basi la jioni ileile.

Kipimo cha jeni

Wengi huanzia mahali pasipofaa: mtu mzima wa afya hulipia sampuli ipelekwe nje ya nchi, jibu linarudi hasi, na hakuna anayejua kama ukoo hauna kasoro au kama yeye tu hakuirithi. Anza na aliyeugua. Uvimbe wake ulipokatwa, maabara ilihifadhi kipande ndani ya kibonge cha nta. Kibonge hicho kinaweza kupakwa rangi za kuonyesha protini nne za MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Moja ikikosekana, unajua jeni ya kuifuata. Ndipo ndugu wazima hupimwa jeni hiyo moja, kwa gharama ndogo zaidi, na hasi yao inakuwa hasi ya kweli: anayeikosa hurudi kwenye ratiba ya watu wa kawaida. Mgonjwa akiwa hai, achukuliwe damu sasa. Akiwa amefariki, msimamizi wa familia aandike barua kwa maabara iliyosoma uvimbe, akitaja jina lake, mwaka wa upasuaji na namba ya patholojia iliyo juu ya karatasi ya majibu, kabla vibonge vya mwaka huo havijatupwa.